Dramu ya Kuagiza kwa Fundi: Lini Inalipa, Lini Inakula Pesa

Ukipita Kisumu Ndogo hapa Malindi Jumapili saa nne asubuhi, huna haja ya kuuliza kanisa liko wapi. Mabati yenyewe yanakuita. Kanisa moja lina seti ya dramu ya dukani iliyoletwa kutoka Mombasa, la pili lina seti iliyoundwa na fundi wa jua kali, la tatu bado linachanga na kwa sasa linajipigia kayamba na ngoma mbili za ngozi ya mbuzi. Simama njia panda uzisikilize zote. Inayokutikisa bega si lazima iwe ile iliyokula pesa nyingi.

Mimi ni mpiga dramu. Jumapili niko kanisani, jioni za wikendi niko hotelini na bendi, na vijana pamoja na wazee wanaoshika mfuko wa kanisa huniuliza swali lile lile: tununue ya dukani au tumpe fundi kazi? Huwa nawaambia hivi. Ukitaka ngoma ya asili, agiza, wala usifikirie mara mbili. Ukitaka seti nzima ya kizungu, usiagize mpaka uwe na sababu unayoweza kuieleza kwa sentensi moja. Na kama hamu imekushika na huna sababu hiyo, agiza snea peke yake kisha utulie mwaka mmoja.

Tuanze na kile unacholipia. Watu wengi hudhani utamu wa dramu uko kwenye mbao. Mbao zina kazi yake, lakini ziko mwisho wa foleni. Kinachopigwa ni ngozi, na ngozi ikiwa imechoka au imekazwa ovyo, hata mzinga wa dhahabu utalia kama debe la mafuta ya taa. Baada ya ngozi huja matoazi, kisha pedali ya besi, kisha stendi zisizoyumba, na hapo ndipo mbao hupewa nafasi. Nimewahi kuchukua seti kuukuu iliyokuwa imetupwa nyuma ya madhabahu, nikabadilisha ngozi zote, nikakaa nayo alasiri nzima na ufunguo nikiikaza skrubu kwa skrubu, na Jumapili iliyofuata mchungaji akauliza ni nani aliyetuletea dramu mpya.

Matoazi hasa ndiyo yanayowaumbua wanaoagiza. Fundi wa Malindi anaweza kukuchongea mzinga, kukukunjia ringi na kukuchomelea stendi, lakini toazi hawezi. Toazi zuri hutengenezwa kwa shaba iliyochanganywa na bati, yapata sehemu 80 za shaba kwa 20 za bati, ikafuliwa kwa namna ambayo familia ya Zildjian imeifanyia kazi tangu mwaka 1623 huko Istanbul, na leo kampuni yao iko Marekani. Kwa hiyo hata ukiagiza seti "kamili" kwa fundi, bado utarudi dukani. Ukisahau hilo kwenye bajeti, utaishia na mizinga mizuri na matoazi ya sahani za chai.

Sasa, sababu zinazostahili. Ya kwanza ni tuktuk. Usicheke. Mpiga dramu wa hapa hana gari. Anatoka Kisumu Ndogo kwenda hoteli ya ufuoni, au anapanda matatu mpaka Watamu, na chombo chake kinakwenda naye. Besi ya kawaida ya dukani ina kipenyo cha inchi 22, yaani karibu sentimita 56. Iweke kwenye tuktuk pamoja na tomu mbili, ile ya chini, snea, mfuko wa stendi na wewe mwenyewe, halafu uniambie utakaa wapi. Ukimwomba fundi akuundie besi ya inchi 18 yenye kina kifupi, na tomu zinazoingiana moja ndani ya nyingine kama sufuria za dukani, safari mbili zinakuwa moja. Hiyo ni nauli unayoiokoa kila wiki, na ni sababu inayoingia kwenye sentensi moja.

Ya pili ni chumba. Kanisa la mabati lenye sakafu ya saruji na kuta tupu halihitaji dramu yenye sauti kubwa. Linahitaji dramu inayojua kunyamaza. Besi kubwa iliyotengenezwa kwa jukwaa la uwanjani ikipigwa humo, mahubiri hayasikiki na mtoto wa jirani halali. Kenya ina kanuni za kudhibiti kelele tangu mwaka 2009 chini ya mamlaka ya mazingira, NEMA, na kila mwenye hoteli ya ufuoni anazijua, kwa sababu wageni hulalamika kabla hata afisa hajafika. Mizinga midogo, mdomo wake ukiwa umeviringishwa badala ya kuchongwa makali, hutoa mlio mzito na mfupi usiosambaa. Seti kama hiyo dukani ipo, ila mara nyingi utaambiwa usubiri iletwe kutoka nje, na hapo ndipo ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 16, tozo la reli na nauli ya meli hukaa mezani pamoja nawe.

Ya tatu ni mwili wako. Mtu mfupi, mtu wa mkono wa kushoto, mtu aliyeumia mguu: hao wana haki ya kudai vipimo vyao. Rangi si sababu. Jina la kanisa lililochorwa mbele ya besi si sababu. Mchoraji wa matatu atakufanyia hilo kwenye seti yoyote.

Kuna pia wanaoagiza kwa sababu wamesikia kwamba wakubwa wa dunia hupigia dramu za kuagiza. Ni kweli kwamba kampuni kama DW ya California, iliyoanza mwaka 1972, ilijijengea jina kwa kumtengenezea kila mteja seti yake, mpaka mzinga mmoja mmoja ukalinganishwa na wenzake kwa sauti. Lakini upande wa pili wa kitabu, Pearl ya Japani ilianza kuuza seti yake ya Export mwanzoni mwa miaka ya 1980, chombo cha kiwandani cha bei ya mtu wa kawaida, na imeuzwa dunia nzima kwa wingi wa kutisha. Export ya zamani iliyotunzwa, ukiipata Mombasa kwa mtu anayehama, ukaivisha ngozi mpya, itaishinda seti nyingi za kuagiza nilizowahi kukalia. Nilipopata pesa zangu za kwanza za hotelini sikujua hayo.

Niliagiza seti nzima. Fundi simtaji, maana alikuwa seremala mzuri wa vitanda na makabati, na kosa kubwa lilikuwa langu kumpa kazi ambayo hakuwahi kuifanya. Alikunja plaiwudi ya kawaida, ile ya dari, akaigundisha kwa gundi nyeupe, akaipaka vanishi mpaka ikang'aa kama gari la bwana harusi. Mwezi wa pili, kaskazi ikivuma na jua kali, ililia vizuri. Ilipofika masika, besi ilianza kufunguka tabaka kwa tabaka kama chapati ya maji mengi. Tena ngozi za inchi 14 nilizonunua dukani hazikukaa kwenye tomu ya chini, kwa sababu yule bwana alikuwa ameufanya mzinga inchi 14 kamili. Alikuwa sahihi kwa futi yake. Dramu ndiyo ina hesabu nyingine.

Hesabu hiyo ishike, ndiyo itakayokuokoa. Ngozi inayoitwa ya inchi 14 inatakiwa kuelea juu ya mzinga bila kubanwa na ukingo, kwa hiyo mzinga wenyewe huwa mdogo kidogo, pungufu kwa milimita 3 hivi. Inchi 14 ni milimita 355.6, mwambie fundi alenge karibu 352 kwa nje. Zaidi ya hapo ngozi haitakaa, au itakaa kwa kulazimishwa na haitakazika sawa. Usimtumie vipimo kwa maneno ya simu. Nunua ngozi moja halisi, umpelekee mkononi, aijaribu mwenyewe kila anapokata.

Ukishafika hapo, kaa naye chini ukubaliane mambo yafuatayo kabla shilingi haijatoka. Plaiwudi iwe ile inayostahimili maji, ya mashua, ambayo gundi yake haifunguki kwa unyevu. Hapa pwani hilo si anasa. Au asitumie plaiwudi kabisa, aunganishe vibao vilivyokatwa pembeni kwa mshazari mpaka viwe duara, kama pipa. Njia hii ni ya taabu, ila seremala aliyewahi kufanya kazi na mafundi wa majahazi anaielewa haraka kuliko wa makabati, maana mtu wa jahazi ameshazoea mbao zinazokataa kunyooka. Mbao ziwe zimekauka kivulini miezi kadhaa. Akikuambia amezikata wiki jana na "zitakaukia kwenye dramu", mshukuru, uondoke.

Skrubu ni jambo ambalo watu hulidharau. Skrubu za dramu za kiwandani zina meno ya kipimo chake, si yale ya bolti za baiskeli, na kichwa chake ni cha mraba kinachoingia kwenye ufunguo wa dramu. Mafundi wetu wengi hutumia bolti za milimita 6 kwa sababu ndizo zilizopo katika kila duka la vifaa vya ujenzi. Zinabana, sikatai. Lakini ikikatika moja Jumamosi usiku, hutapata mwenzake katika duka la muziki, na utakuwa unakaza dramu kwa spana namba kumi mbele ya wageni wa Kiitaliano. Nunua skrubu na vishikizo vyake dukani, ringi pia ikiwezekana, umwachie fundi mbao na chuma cha stendi. Huo ndio mgawanyo wa kazi ninaoupendekeza kwa kila mtu.

Saizi nazo zisitoke kwenye zile zinazojulikana: 10, 12, 14, 16, 18, 20, 22. Fundi mmoja anaweza kukushawishi inchi 15 kwa sababu kipande cha mbao alichonacho kinatosha hapo. Ngozi ya inchi 15 utaitafuta mpaka Nairobi. Hata ile ya 18 ninayoisifia, nunua mbili kwa pamoja, moja uiweke chini ya kitanda.

Siku ya kuchukua chombo, beba tochi na uende kwa mwenye duka la vioo. Laza mzinga, mdomo chini, juu ya kioo kinene cha meza, zima taa, weka tochi ndani. Mwanga ukichungulia pembeni, mdomo haujanyooka na dramu hiyo haitakazika hata ukiikaza hadi Krismasi. Kisha pima kipenyo kwa futi mara nne, kila mara ukizungusha kidogo. Tofauti ya milimita 1 vumilia. Ikifika 3, mrudishie.

Na chumvi. Hewa ya hapa inakula chuma kimyakimya. Kromu ya ringi za bei rahisi huanza kutoa vidoti ndani ya msimu mmoja, matoazi yanaota ukungu wa kijani, mnyororo wa pedali unakakamaa. Kila ukitoka kupiga ufuoni, pangusa vyote kwa kitambaa kikavu kabla ya kufunika, na utie tone la mafuta kwenye skrubu mara moja kwa mwezi. Wanaoagiza stendi za kuchomelewa wakumbuke kudai rangi ya kuzuia kutu ndani ya bomba pia, si nje tu.

Nimeongea sana juu ya seti ya kizungu, na kusema kweli roho yangu iko kwingine.

Ngoma ya asili haina "ya dukani". Zile zinazopangwa kwenye vibanda vya vinyago karibu na ufuo, zimechorwa pundamilia na twiga, ni mapambo ya sebuleni. Mti wake mara nyingi ni mbichi, ngozi imevutwa ili ionekane, si ili isikike. Ukiipigia mchezo mzima wa mwanzele, inalegea kabla ya wimbo wa tatu. Ukitaka chapuo inayokata, au vumi la kunguruma chini, au msondo mrefu wa kusimama, ni lazima uende kwa mtu anayezichonga, na wengi wao hawako mjini. Wako ndani, upande wa Ganze, Marafa, Kaloleni, na njia ya kuwapata ni kuuliza kikundi cha ngoma kilichokufurahisha kwenye arusi: hizi mlichongewa na nani?

Mara ya kwanza nilipofika kwa mzee wa namna hiyo nilikuwa na karatasi ya vipimo mkononi, nimejiandaa kama mhandisi.

"Shikamoo mzee. Nataka ngoma, inchi 12 kwa juu."

"Marahaba mwanangu. Ya kuchezea nini?"

Nikasema ya bendi, ya kuchanganya na gitaa. Hakuandika kitu. Akaniambia nimwimbie. Nikaimba, kwa aibu, na yeye akawa anapiga goti kwa kiganja. Alipomaliza akasema nahitaji mbili, si moja, na kwamba ile ndogo isiwe pana kama nilivyotaka kwa sababu gitaa langu tayari limekaa mahali pale. Karatasi nikaikunja. Hicho ndicho unacholipia kwa mtu kama huyo, na seti ya dukani haina mtu wa kukuuliza swali hilo. Ngoma za Wamijikenda zimechongwa kwa kazi maalumu siku zote. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza alipozunguka vijiji vya Wagiriama kuwaita watu wakatae amri za Waingereza, alitumia ngoma ya kifudu, na watu walitoka kwa sababu walijua ni ngoma gani inayolia na kwa nini.

Mambo ya kumuuliza mchongaji ni machache. Gogo limetoka wapi? Miembe na minazi ya shambani ni halali na ipo tele Kilifi nzima. Wachonga vinyago wa pwani waligeukia mwarobaini baada ya muhugu na mpingo kuadimika, na mti huo una faida ya uchungu wake, wadudu hawaupendi. Mwembe wanaupenda kupita kiasi, kwa hiyo kagua matundu madogo yenye unga. Kama gogo limetoka Arabuko-Sokoke bila kibali au, Mungu apishe mbali, kwenye msitu wa kaya, liache hapo lilipo. Kaya za Wamijikenda zimo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2008, lakini wazee walikuwa wakikataza kuzikata kabla UNESCO haijazaliwa. Na gogo la shamba la jirani likisafirishwa, liwe na karatasi ya idara ya misitu, la sivyo mtalala nalo kizuizini.

Ngozi ya mbuzi kwa ngoma ndogo, ya ng'ombe kwa kubwa. Ukiambiwa ya kenge ina mlio mtamu zaidi, yawezekana, lakini huyo ni mnyama wa porini na kesi yake haina utamu. Ngozi iwe ya mnyama aliyekonda; yenye mafuta hainyooki na inanuka kusi ikianza kuvuma na unyevu. Maana ngozi halisi hulegea wakati wa kusi, hakuna dawa ya hilo isipokuwa moto: unawasha makuti makavu, unaziegemeza ngoma ziote kwa mbali, unazigeuza, unagonga, unasikiliza. Dakika kumi au ishirini, kisha kazi. Ndiyo maana ngozi ya plastiki ambayo Remo Belli alianza kuiuza kwa wingi mwaka 1957 iliteka dunia: haijali mvua. Bendi inayopiga hotelini bila ruhusa ya kuwasha moto kando ya bwawa la kuogelea ilifikirie hilo mapema.

Tukirudi kwenye pesa, fanya hesabu ya siku, si ya bei. Huu ni mfano tu, weka tarakimu zako: seti ya kuagiza ikikugharimu shilingi 120,000 na ukaipiga siku 100 kwa mwaka kwa miaka 6, kila siku inakula shilingi 200. Ya mtumba ya 60,000 kwa muda ule ule inakula 100. Je, ile 100 ya ziada inakurudia kwa nauli ya tuktuk uliyookoa au kwa hoteli inayokuita kwa sababu huwasumbui wageni? Mpiga dramu wa hoteli anaweza kujibu ndiyo. Kanisa lenye Jumapili 52 na makesha kadhaa, ambalo seti haitoki mlangoni, mara nyingi litajibu hapana, na pesa iliyobaki inunue matoazi na kumlipia kijana mmoja mafunzo.

Malipo yagawe mara tatu: ya mbao, ya chombo kikisimama bila rangi ukakipima kwa tochi, na salio. Salio hilo, hata liwe dogo, usilitoe siku ya kuchukua. Fundi wangu wa sasa nilimwambia nitammalizia mvua kubwa ikishapita na gundi ikawa bado imeshika. Alinitazama kidogo, akaangalia mawingu.

"Na isiponyesha?"

Tukaandika tarehe 31 Mei.